Waliopinda Kushoto

Tulimwita Mama Rula, ingawa sikumwona hata siku moja ameshika rula. Kazini kwetu, kwenye kituo cha kuzalisha vifaranga wa samaki, kulikuwa na meza ndefu ya bati, taa mbili juu yake na beseni la maji kila upande. Vifaranga wa perege, kila mmoja sawa na kidole gumba, walimwagwa kwenye trei nyeupe, hamsini kwa mkupuo mmoja. Yeye aliinama, akatazama kwa muda wa kuvuta pumzi mbili tatu, kisha kijiwavu chake kikaanza kazi: huyu, huyu, na yule kule pembeni anayejifanya hayupo. Waliochotwa waliingia ndoo nyekundu. Waliobaki walikwenda kwa wafugaji wa mabwawa.

Wa ndoo nyekundu walikuwa vilema. Mmoja ana kibiongo, mwingine mkia umeishia njiani, mwingine taya la chini fupi hata hawezi kufumba mdomo, mwingine kifuniko cha shavu hakikufika mwisho na nyama nyekundu ya ndani iko nje. Watu wasioijua kazi hii huuliza mbona samaki wa mtoni hawako hivyo. Wapo. Ila mtoni anayezaliwa amepinda hamalizi wiki, kwa sababu hawezi kukimbia, na asiyeweza kukimbia analiwa. Ukitupa wavu unawakuta walionyooka tu, unausifu mto kwamba unazaa vizuri, kumbe makosa yake umeshayafuta mapema. Kwetu hapakuwa na wa kuwala. Palikuwa na Mama Rula.

Kazi yangu mimi ilikuwa mifupa. Nilikaa chumba cha pili na chupa zangu. Katika kila kundi nilichukua vifaranga wachache, nikawalaza kwenye dawa mpaka nyama ikapitisha mwanga, kisha mifupa nikaitia rangi nyekundu, kila pingili ya uti wa mgongo ikaonekana. Waliniita Fundi Mifupa. Macho yake na rangi yangu vilishindana kwa miaka, na sioni haya kusema nani alishinda mara nyingi. Mimi nilipomaliza siku zangu sita za dawa na rangi, nikagundua kwamba pingili mbili karibu na mkia zimeshikana, yeye alikuwa ameshasema tangu Jumatatu, "Huyu hageuki vizuri."

Alianzia kwenye maharage. Kulikuwa na ghala la nafaka ambako wanawake thelathini walikaa chini kuzunguka turubai, wakitoa punje zilizotobolewa na wadudu. Alikaa hapo miaka saba, mpaka ghala lilipoleta mashine na wanawake wakaambiwa asanteni. Kwetu aliingia kama mfagizi. Siku moja anapiga deki akasimama kwenye tangi, akamwambia meneja wa wakati ule, mzee mmoja mkali kama pilipili, "Bosi, huyu wa tatu kutoka ukutani hana shavu." Mzee akamwambia apige deki. Halafu, alipodhani hakuna anayemwona, akachungulia. Wiki iliyofuata deki alipewa mtu mwingine.

Siku yake ya kwanza mezani kuna mtu alimtania kwa ile methali ya samaki mkunje angali mbichi. Alijibu bila kuinua kichwa, "Wa hapa wanakuja wameshakunjwa." Tangu siku hiyo methali hiyo haikusikika tena kwenye jengo letu.

Mumewe alikuwa seremala, mtu wa maneno machache na mbao nyingi. Alipenda kusema kwamba alitafuta mke akapata mkaguzi. Kila kiti alichotengeneza kilipita machoni pa mkewe kabla ya kwenda kwa mteja, na viti vilivyobaki kwao nyumbani ni vile vilivyoanguka mtihani. Mgeni alikaa huku amekaza miguu. Walikuwa na binti mmoja, na binti huyo aliolewa na kijana aliyesomea mambo ya samaki mpaka akaota mvi mbili za mapema. Miaka michache baada ya harusi, kwa mipango ambayo ofisi kuu pekee huielewa, kijana huyo aliletwa kwetu kuwa meneja. Hivyo Mama Rula akawa chini ya mkwewe. Kazini alimwita Bwana Meneja, naye mkwe akamwita Mama, na wakikutana kwenye korido walipishana kama watu wawili waliobeba trei za mayai.

Sasa habari ya ndoo. Kanuni ilikuwa kwamba ndoo nyekundu iende kwenye maji ya barafu, samaki wafe haraka, kisha wafukiwe kwenye shimo la chokaa. Miaka mingi ilifanyika hivyo, na aliyeibeba ndoo alikuwa mfanyakazi mwingine. Mama Rula hakuwahi kuigusa barafu. Kisha yule mfanyakazi akahamishwa na mashine ya barafu ikafa, karibu kwa wakati mmoja. Tuliandika barua kuomba mashine nyingine. Tulijibiwa kwamba barua imepokelewa.

Basi Mama Rula akabaki na ndoo imejaa samaki hai. Tulimwambia awamwage juani, watakauka. Hakuweza. "Kumtoa mezani ni kazi yangu," alisema. "Kumwacha atapetape juani si kazi ya mtu." Akabeba ndoo hadi nyuma ya jengo, akaimimina kwenye mfereji wa maji yanayotoka matangini. Mfereji huo uliingia kwenye dimbwi, na dimbwi likaingia mtoni. Wakati ule kambale wakubwa walipanda kutoka mtoni na kukaa dimbwini wakisubiri chochote kinachoshuka. Ndoo ilipomwagwa maji yalichafuka kidogo, yakatulia. "Mto utamaliza," alisema, na kweli mto ulimaliza.

Mashine mpya ya barafu ilipofika, mwaka na nusu baadaye, mazoea yalikuwa yameshaota mizizi. Jioni kabla ya kwenda nyumbani alichukua ndoo yake, akazunguka nyuma, akarudi na ndoo tupu. Sote tuliona na hakuna aliyesema kitu. Ilikuwa rahisi. Tena kila mmoja wetu alijihisi mwema kidogo kwa wema wa mtu mwingine, na wema wa namna hiyo haukugharimu chochote.

Mkwe alipokuja kuwa meneja alikagua kila kona, kwa sababu alikuwa mtu wa kukagua kona. Akaona kambale wanapanda mpaka mferejini, akasema wataleta magonjwa matangini. Akaweka wavu wa chuma pale dimbwi linapokutana na mto. Ilikuwa hatua nzuri, na mimi mwenyewe nilimsifu. Kambale walizuiwa nje. Vilema wetu waliendelea kushuka dimbwini kila jioni, kwenye maji ya uvuguvugu, na mabaki ya chakula kutoka matangini yakawafuata bila kukoma. Sasa hapakuwa na wa kuwamaliza, na hakuna aliyekwenda kuangalia. Ikapita miaka mitano.

Mwaka ninaousimulia wafugaji walianza kulalamika. Vifaranga waliotoka kwetu wamenyooka walikua wakapinda: wengine waliota vibiongo mwezi wa tatu, wengine wa nne. Mnunuzi wa samaki hununua kwa macho kwanza, na kibiongo sokoni hana wa kumtetea. Malalamiko yalipofika kumi na moja aliletwa mkaguzi, mwanamke mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni, ambaye hakunywa chai ya mtu yeyote kwa siku zote alizokaa nasi. Alitazama matangi, akatazama meza, akatuita sote.

"Nataka vifaranga mia tatu waliokwisha kupita kwenye meza hii," alisema, "na mia tatu wa aina hiyohiyo kutoka mtoni. Wote watiwe rangi. Wa kwenu wakizidi wa mtoni kwa vilema, muhuri wa meza naondoka nao."

Muhuri huo ulikuwa wa mpira, na mpini wake wa mbao ulikuwa umeshika umbo la kiganja cha Mama Rula. Kila mfuko wa vifaranga ulipigwa muhuri huo kabla ya kutoka. Mkataba wake ulisema yeye ni mchambuzi mwenye muhuri. Muhuri ukiondoka, naye anaondoka. Ilikuwa imebaki miezi minane astaafu kwa heshima, na alikuwa ameshachagua kitambaa cha nguo ya kuvaa siku ya kuagwa. Hayo yote tuliyajua. Jioni ile alipita mlangoni kwangu akasema, "Fundi, wewe paka tu. Usinihurumie."

Mtu wetu wa nyavu tulimwita Mapema, kwa sababu hakuwahi kufika mapema popote. Alitumwa kwenda kuvua juu ya mto, mwendo wa saa mbili kwa miguu, mbali na maji yetu. Mvua ilikuwa imenyesha na njia ilikuwa matope matupu. Mapema aliondoka saa mbili asubuhi, na saa nne alikuwa amesharudi na pipa limejaa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliwahi, na tukampigia makofi badala ya kujiuliza.

Siku ya sita nilitoa trei zangu kwenye rangi nikahesabu. Wa kwetu, vilema tisa katika mia tatu. Wa mtoni, vilema thelathini na mmoja. Nilihesabu mara ya pili, nikapata vilevile. Moyo ulinipanda kwa furaha, nusura nitoke mbio kumwita. Halafu nikazitazama trei tena, bila kuhesabu safari hii, nikaona kitu ambacho hesabu haikionyeshi.

Wote thelathini na mmoja walikuwa wamepinda kushoto.

Lazima nieleze. Matangi yetu ni ya duara. Maji huingia kwa bomba la pembeni na kuzunguka ndani yake upande mmoja tu, bila kupumzika. Kifaranga tangu anatoka yai anaogelea akipambana na maji hayo, mwili umeelemea upande uleule, na mifupa bado ni laini. Anayepinda kwetu hupinda kushoto. Nimewapaka rangi kwa maelfu na sikumbuki wa kulia hata watano. Wale tisa wetu walikuwa wa kushoto. Lakini mto haumzungushi samaki. Wa mtoni angepinda upande wowote, kama angepata nafasi ya kuishi. Nilielewa palepale kwamba Mapema alivua dimbwini, nikaelewa pia wale samaki walifikaje huko. Walikuwa wa ndoo nyekundu; walionyooka nikadhani wamepenya wavu wa chuma kutoka mtoni.

Nilikaa kwenye kigoda changu nikafikiria. Kisha nikaandika tisa, nikaandika thelathini na mmoja, na neno kushoto sikuliandika. Nilijiambia ni miezi minane tu. Nilijiambia mama wa watu amefanya kazi miaka kumi na tisa, mbona dunia isimpe bahati moja. Maneno hayo yalikuwa mazuri. Ukweli ni kwamba niliogopa pia kusimama mbele ya watu na kusema.

Kesho yake tulikutana kwenye chumba cha mikutano, chenye feni moja na kalenda ya mwaka uliopita. Mkaguzi alisoma hesabu zangu kwa sauti, bila kupandisha wala kushusha.

"Kwa hiyo wa kwetu ni bora kuliko wa mtoni," meneja alisema. "Zaidi ya mara tatu."

"Karatasi ndivyo inavyosema."

"Hongera, Mama," meneja akasema, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa kwamba nyumba yake haikuungua.

Mkaguzi alisukuma karatasi mpaka mbele ya Mama Rula. "Sahihi hapa. Na muhuri pembeni."

Mama Rula alishika kalamu. Akaiweka chini. "Naomba niwaone kwanza."

"Wameshahesabiwa, Mama," meneja akasema.

"Najua. Fundi hakosei hesabu. Ila samaki wa mtoni waliopinda sijawahi kuona watatu kwa pamoja, leo naambiwa thelathini na mmoja. Niacheni niwaone, nisije nikazeeka bila kuwaona."

Watu walicheka kidogo. Mimi nilikwenda kuleta trei, nikamkabidhi. Alizibeba hadi dirishani, akainua ya kwanza kwenye mwanga. Nilimwona akipita samaki mmoja mmoja kwa ncha ya kidole. Alipofika kama kwenye wa nane kidole kilisimama. Kisha kikaenda haraka mpaka mwisho, kama mtu anayemalizia kusoma barua ambayo ameshajua inasema nini.

Aliomba Mapema aitwe. Mapema akaja, akasimama mlangoni.

"Mwanangu, hawa uliwavua wapi?"

"Mtoni, mama."

"Mto ni mrefu."

"Si pale chini tu."

"Juu ya wavu wa chuma, au chini yake?"

Mapema aliitazama feni. "Juu yake, mama. Njia ilikuwa matope. Na pale dimbwini wamejaa, unachota tu kama maji. Si maji ndiyo yaleyale?"

Meneja aliinuka nusu kwenye kiti. "Mama, labda tupumzike kwanza. Tunywe chai, tutaendelea."

"Sijachoka, Bwana Meneja." Aliweka trei mbele ya mkaguzi. "Hawa si wa mtoni. Hawa ni wangu. Tazama, wote wamepinda kushoto, na maji yanayopinda kushoto ni ya matangi yetu. Waliletwa mezani kwangu, nikawatoa, nikawamwaga mferejini wakiwa hai. Tumewapima wetu kwa wetu."

"Kanuni inasema barafu," mkaguzi akasema.

"Inasema."

"Umewamwaga kwa muda gani?"

"Miaka saba inakaribia."

"Nani mwingine anajua?"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pangu pa kusema. Nilisimama karibu na Mama Rula kiasi cha kusikia anavyohema. Meneja alikuwa akiitazama meza, Mapema akiitazama feni, na mimi nikaitazama karatasi yangu mwenyewe, kana kwamba kuna namba nimeisahau.

"Ndoo nilibeba mimi," Mama Rula akasema.

Mapema alitumwa tena juu ya mto, na safari hii mkaguzi alimfuata kwa miguu yake mwenyewe, viatu mkononi. Walirudi jioni. Nilipaka, nikahesabu: katika mia tatu wa mtoni halisi, kilema mmoja, naye alikuwa wa kulia. Wetu walibaki tisa. Mkaguzi aliufunga muhuri kwenye karatasi laini akautia kwenye mkoba. Barua ikaandikwa kwamba mchambuzi ataondoka mwisho wa mwezi, na kwenye faili lake likaingia neno kosa. Aliyetia sahihi barua hiyo ni mkwe, kwa kuwa ndiye meneja. Nasikia nyumbani kwake mke hakumsemesha siku tatu. Siku ya nne Mama Rula alikwenda mwenyewe kumwambia binti yake, "Mwenzio amefanya kazi yake. Mpe chakula."

Kazi yake ya mwisho ilikuwa dimbwi. Mkaguzi aliagiza maji yapunguzwe, wote watolewe, na wenye kilema watiwe barafu wasije wakaingia mtoni. Akaagiza pia kwamba kazi hiyo aifanye aliyewaweka huko. Mimi na Mapema tulipewa kumsaidia.

Kitu ambacho hatukukitegemea ni ukubwa wao. Vichwani mwetu vilema ni wadogo siku zote, kwa sababu tuliwaona mara ya mwisho wakiwa wadogo. Tulivuta wavu wakatoka samaki wa ukubwa wa kandambili, wanene, magamba yanang'aa, wamepinda na wanaruka. Wameishi. Mama Rula alimshika wa kwanza kwa mikono miwili, akamtumbukiza kwenye pipa la barafu, akamshikilia humo mpaka akatulia. Hakulia. Alihesabu kwa sauti, mmoja, wawili, watatu, na alikuwa na umri wa miaka hamsini na tisa na huyo ndiye samaki wa kwanza kumuua. Siku ya kwanza alifika mia nne na kumi. Vidole vyake vilikuwa vyekundu na hakukubali nimpokee.

Siku ya tatu, maji yamefika magotini, wavu ulitoa jike mmoja ambaye sijaona aliyepinda kama yeye. Mgongo ulipanda, ukashuka, ukaenda kushoto, na bado alikuwa mzito. Mdomo alikuwa ameufumba kabisa, koo limetuna. Mama Rula alinitazama. Perege jike akiona hatari huwaweka watoto mdomoni. Alimpanua taya taratibu kwa kidole kidogo, na watoto wakamwagika kwenye trei, wadogo kama punje za mchele.

Aliinama juu ya trei kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akitazama kitu.

"Unaona nini?" nikamwuliza.

"Naona wamenyooka. Lakini kwa umri huu hata mimi naweza kudanganyika." Alijinyoosha. "Wafuge, Fundi. Beseni la kawaida, maji yaliyotulia, usiwawekee bomba. Wiki tano. Halafu wapake."

"Na huyu?"

Jike alikuwa bado mkononi mwake, anafumbua na kufumba mdomo mtupu.

"Amri inasema wote wenye kilema," akasema, akamtia kwenye barafu, akamshikilia kama alivyowashikilia wengine. Huyo hakumhesabu kwa sauti.

Aliondoka mwisho wa mwezi. Tulimuaga kwa soda na biskuti, meneja akatoa hotuba fupi huku akizungumza na ukuta. Beseni langu lilibaki chini ya dirisha. Niliwalisha asubuhi na mchana, na kwa wiki tano sikumweleza mtu kile ninachofuga. Walipofika ukubwa wa kidole gumba walikuwa arobaini na mmoja. Niliwalaza kwenye dawa, nikawatia rangi, nikasubiri siku zangu sita. Kisha nikawatazama mmoja mmoja, kwanza kwa macho, halafu kwa hadubini, halafu tena kwa macho.

Niliwatia kwenye chupa nikampelekea nyumbani kwake. Mumewe alikuwa nje anapiga randa. Alininyooshea mlango kwa kidevu. Mama Rula alichukua chupa bila salamu ndefu, akawamwaga wote kwenye sahani nyeupe, akasogea dirishani. Alikagua arobaini na mmoja bila haraka, kana kwamba kuna mfuko unasubiri kupigwa muhuri.

"Mama yao alikuwa amepinda kuliko wote," alisema.

"Ndiyo."

"Basi yeye hakuwa na kasoro ya kuzaliwa. Maji yetu ndiyo yaliyompinda."

"Ndiyo, mama."

"Na wale wanaopindia kwa wafugaji, wamepindwa kulekule kituoni. Wanatoka kwetu wameshaharibika ndani, mifupa inasubiri tu." Aliisogeza sahani kidogo. "Miaka kumi na tisa nachambua samaki, Fundi. Kumbe ningechambua bomba."

Randa ya mumewe ilikwenda na kurudi huko nje. Alianza kuwarudisha samaki kwenye chupa kwa kijiko, mmoja mmoja.

"Ulikuwa umeona," akasema. "Kushoto. Kabla ya kikao."

"Niliona jana yake."

"Nilijua. Mtu hawezi kupaka mfupa asiuone."

Hakusema kwa hasira, na ningeshukuru kama angekasirika. Nilihisi aibu ambayo sijawahi kuihisi, hata nilipokuwa mdogo nikikamatwa na sukari mkononi. Nikamwambia kile ambacho nilikuwa nimejiambia mwenyewe kwa wiki zote hizo.

"Nilidhani nakuokoa, mama."

"Najua," akasema. "Na mimi nilidhani nawaokoa wale."

Alifunga chupa, akaifuta kwa khanga, akanirudishia. Akaniambia niipeleke kwa mkaguzi moja kwa moja, nisipitie kwa mkwewe, kwa kuwa mkwewe ni mtu mwema na ataifikiria wiki nzima.

Nilikwenda kesho yake. Mkaguzi alinyoosha mkono kuipokea chupa, nikamwomba asubiri kidogo. Nikamkumbusha kwamba siku ile ya kikao aliuliza nani mwingine anajua, na hakujibiwa. Nikamjibu. Aliandika yote kwa kalamu yake ya kwanza, polepole, kisha ndipo akaipokea chupa na kuiinua kwenye mwanga.

Siku hizi maji yanaingia matangini kwa mabomba mengi madogo, yanatulia kabla ya kuwafikia vifaranga, na ndoo nyekundu hukaa siku nzima na samaki wawili au watatu. Mezani kuna mtu mwingine. Muhuri haukurudishwa kwa mwenyewe, na faili lake halikufutwa neno lolote. La kwangu limeongezwa moja, kosa, lilelile la kwake, na nikipita ofisini nikaliona jina lake kwenye kabati la mafaili, jina langu ndilo linalofuata.